Mshika Koti wa Chuo cha Tillery

Watu wakimuuliza Verlin Stuckey anafanya kazi gani, hujibu kwamba yeye ni kocha wa mpira wa kikapu. Kisha hukohoa kidogo na kuongeza, "msaidizi," kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo.

Kusini mwa Indiana, mahali ambapo mtoto hupewa mpira kabla hajaota meno, kocha mkuu husalimiwa kabla ya mchungaji. Kocha msaidizi naye husalimiwa, hasa pale watu wanapotaka kujua kocha mkuu yuko wapi.

Verlin alikuwa amefanya kazi hiyo tukufu miaka ishirini na minne, katika vyuo saba na majimbo matano. Hakuhama kwa kupenda. Kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi wake hutupwa naye, kama chawa wanavyotupwa pamoja na shuka. Wakati mmoja alijua kwamba hana kazi kwa kuisikia redio ya kituo cha mafuta huko Iowa, mkate mkononi, akiwa ametoka kumshawishi kijana mmoja ajiunge na chuo ambacho yeye mwenyewe hakuwa nacho tena. Aliumaliza ule mkate. Halafu akageuza gari, akarudi kwa yule kijana kumwambia asije.

Na kazi yenyewe? Alifua jezi. Aliendesha gari la timu kwenye theluji. Alitazama michezo ya wapinzani mpaka akajua ni mchezaji gani hujikuna sikio kabla ya kutoa pasi ya kushoto. Zaidi ya yote, alikaa kwenye sebule za akina mama na kula. Hakuna mama anayemkabidhi mwanawe kwa mtu aliyebakisha chakula, kwa hiyo Verlin alikula kuku, akala tambi zilizomwagwa juu ya viazi vya kuponda, akaomba aongezewe, na nguo zake zikawa zinapanuka kila msimu kwa faida ya elimu ya juu.

Bi. Loretta Pettus wa mjini Gary ndiye aliyemuuliza swali ambalo wengine waliona haya kuliuliza. Alikuwa ameishika karatasi ya matangazo ya chuo, yenye picha ya kocha mkuu akitabasamu.

"Wewe ndiye utakayekuwa na mwanangu, au huyu wa kwenye picha?"

"Huyu wa kwenye picha ndiye atakayempigia kelele, mama," Verlin alisema. "Mimi ndiye nitakayempeleka kwa daktari wa meno."

Bi. Pettus akamwongezea viazi, na mtoto wake Demarion akaenda Chuo cha Tillery.

Lakini haya yote hayakumpa Verlin jina. Jina lake lilitokana na koti.

Kocha mkuu wa Tillery, Rod Haverkamp, alikuwa mzee wa miaka sitini na sita, mpana kama kabati, mpole siku zote za wiki. Angeweza kusimamisha gari ili kobe avuke barabara. Ila kipenga kikilia dhidi ya vijana wake, roho nyingine humwingia, na hutaka kutoka nje ya mstari wa kocha kwenda kumfundisha refa maana ya haki. Faulo ya kwanza ya utovu wa nidhamu ni onyo. Ya pili, kocha anatolewa nje ya ukumbi. Basi Verlin aliketi mkono wa kushoto wa mzee, akalitazama sikio lake. Sikio la Haverkamp huanza kuiva kutoka chini kwenda juu. Wekundu ukifika katikati, Verlin hupenyeza vidole viwili kwenye pindo la koti. Ukifika juu, huvuta.

Miaka kumi na moja alivuta, na kwa miaka kumi na moja Haverkamp hakutolewa nje hata mara moja. Fundi wa nguo wa mjini alikuwa akishona mapindo ya makoti yake kwa uzi wa viatu. Baada ya lile janga la korona, makocha wengine wote waliacha kuvaa suti, wakahamia kwenye sweta za zipu kama wauza bima walio likizo. Haverkamp alikataa.

"Nikivaa hizo sweta," aliuliza, "Verlin atashika wapi?"

Na watu waliona kwamba hilo ni swali la maana.

Februari moja, msimu ukielekea mwisho, Haverkamp alitangaza kwamba anastaafu. Alilia kidogo, akapewa keki. Siku ya pili, mkurugenzi wa michezo, Bi. Marcia Oglesby, akamwita Verlin ofisini. Bi. Oglesby alikuwa mwanamke mrefu asiyepoteza neno.

"Nafasi mnagombea wawili," alisema. "Wewe na Kip Lindqvist."

Kip alikuwa msaidizi katika chuo kikubwa zaidi, miaka thelathini na mitatu, meno mengi.

"Nitaamua na wafadhili baada ya mashindano ya ligi. Nikwambie wazi, Verlin? Miaka sita nakaa kiti kilekile pale juu. Kila nikikutazama, naona mkono. Mkono na koti. Kocha sijamwona bado."

"Mkono huo umewaokoa mara nyingi, Bi. Oglesby."

"Najua. Lakini mkono siwezi kuuajiri."

Verlin aliipeleka habari hiyo nyumbani. Mkewe, Janelle, aliyekuwa akisafisha meno ya nusu ya mji ule, alikuwa amesimama juu ya kiti akitundika mapazia aliyoyafua. Mapazia hayo aliyanunua walipooana. Kila walipohamia nyumba mpya aliyapunguza ili yaenee madirisha, na kila mara yalikuwa mafupi kidogo kuliko ilivyopaswa.

"Wasipokupa wewe, huyo Kip atakuja na watu wake," alisema, "halafu sisi tutatafuta chuo cha nane."

"Huenda wakanipa."

"Nisikilize, mume wangu. Mapazia haya nimeyakata mara saba. Hakuna tena cha kukata. Wewe ukitaka kwenda, nenda. Mimi nitakuandikia barua."

Hakusema kwa hasira. Alisema huku akinyoosha kitambaa kwa kiganja, taratibu, kama unavyomnyoosha mtoto nywele kabla hajaenda kanisani. Verlin akaelewa kwamba amebakiwa na nafasi moja tu ya kuitwa kocha mkuu akiwa bado ana mke ndani ya nyumba, na nafasi hiyo iko hapo hapo Tillery.

Mashindano yakaanza Ijumaa, kwenye ukumbi wa mji wa jirani unaonuka bisi na viatu. Tillery walicheza na timu ambayo hawakuwa na sababu ya kuiogopa, lakini waliiogopa. Haverkamp alipata faulo yake ya kwanza mapema sana, kwa kumuuliza refa kama miwani yake ilikuwa ya kusomea tu. Kuanzia hapo Verlin hakutoa vidole kwenye pindo.

Zikiwa zimebaki dakika nne, Tillery nyuma kwa pointi tano, refa alipiga kipenga cha hovyo. Sikio likaiva mpaka juu. Mzee akasimama, akaegemea mbele, na Verlin akavuta kama ilivyo ada.

Kisha, bila kukusudia, akainua macho. Bi. Oglesby alikuwa amekaa pale juu, kama kawaida yake. Alikuwa akiutazama mkono.

Ningependa kusema kwamba Verlin alipambana na dhamiri yake. Ukweli ni kwamba vidole vilifunguka.

Jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifikiria ni hili: kwa miaka kumi na moja Haverkamp alikuwa ameacha kusimama kwa nguvu zake mwenyewe. Aliegemea ule mvuto, kama mtu anavyoegemea mlango uliofungwa. Mlango ulipofunguka, alichomoka. Alivuka mstari, akampita mchezaji wake mwenyewe, akafika katikati ya uwanja akiwa na mwendo ambao umri wake haukuruhusu, na kusimama pua kwa pua na refa. Refa, ambaye siku zote alijua kwamba huyu mzee huwa hafiki, alishtuka kumwona amefika. Hata Haverkamp alionekana kutojua la kusema. Lakini akalipata.

Faulo ya pili. Nje.

Alirudi kwenye benchi kuchukua kofia yake.

"Verlin."

"Ndiyo, Kocha."

"Umeteleza?"

"Mkono ulitoka jasho, Kocha."

"Mkono wako haujatoka jasho tangu nikujue." Alimtazama, si kwa chuki, zaidi kama mtu anayelitazama gari lake likiendeshwa na mwingine. Akamtupia kalamu ya ubao. "Goti la Pettus bado halijapona. Usimkimbize bure." Akaondoka, koti likining'inia nyuma yake, halijakunjamana hata kidogo.

Dakika nne hizo Verlin hakupiga kelele. Aliwaita vijana, akawaambia yule mwenye jezi nambari tatu akijikuna sikio, pasi inakwenda kushoto, muwe huko kabla yake. Wakawa huko mara tatu. Tillery wakashinda kwa pointi moja, na kwa kanuni za ligi ushindi huo ukaandikwa kwa jina la Kocha Haverkamp, wa mia tatu na tisini na nane maishani mwake. Mshindi wakati huo alikuwa ndani ya basi, akila bisi.

Kanuni hizo hizo zinasema kocha aliyetolewa nje haruhusiwi kuingia ukumbini katika mchezo unaofuata. Hivyo Jumamosi, Verlin Stuckey alikuwa na mchezo mzima peke yake, mbele ya Bi. Oglesby na wafadhili wote waliovaa sweta za rangi ya chuo. Wapinzani walikuwa Marlow, vinara wa ligi, waliowafunga Tillery mwezi wa kwanza kwa tofauti ya pointi thelathini na moja. Janelle alimpigia pasi koti la kijivu. Lilimbana kwa sababu ya akina mama wote wale.

Na ajabu, alikuwa kocha. Alisimama pembeni mikono nyuma, akazungumza na vijana kwa sauti ya mtu anayewaomba wampitishie chumvi, nao wakacheza kama watu walioaminiwa. Marlow wakiongeza kasi, aliipunguza. Wakijipanga, aliwapangua. Kwenye dakika ya thelathini, kocha wa Marlow alivua sweta yake ya zipu akaitupa chini. Upande wa Tillery watu waliacha kula.

Sekunde tisa zikabaki. Marlow mbele kwa moja. Demarion Pettus akauchukua mpira, akaingia ndani na goti lake lililofungwa bandeji, akaruka. Beki wa Marlow alijipeleka chini yake akiwa bado anasogea, ilhali kanuni humtaka awe amesimama; mtu kipofu angesikia viatu vyake vikisogea. Mpira ukaingia. Kipenga kikalia.

Faulo ni ya Pettus. Kikapu hakihesabiwi.

Ukumbi mzima ukasimama, na ukumbi mzima ukamgeukia Verlin. Refa naye akageuka, mabega yameinuka, akijiandaa kutukanwa kama desturi inavyotaka. Ni desturi njema: kocha huja mbio, husema maneno yake, wasaidizi humvuta, na kila mtu huenda nyumbani akiwa na hakika kwamba alionewa.

Verlin alitaka. Tusimsingizie. Ilianza kwenye visigino, hasira ya vyuo saba, ya redio ya Iowa, ya viazi vyote vile. Ikapanda magotini, ikafika kifuani, mguu wa kushoto ukaugusa mstari. Na hapo akasikia anavutwa.

Akatazama nyuma. Hapakuwa na mtu. Akatazama chini. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimeshika pindo la koti lake mwenyewe, vinavuta, imara, kama ilivyo ada.

Tillery wakalazimika kuwachezea Marlow faulo ili kusimamisha saa, Marlow wakafunga mitupo yao miwili, na mchezo ukaisha: sabini na moja kwa sitini na nane. Kwa kuwa Haverkamp hakuwamo ukumbini, kanuni iliona ni haki kumwandikia Verlin Stuckey kipigo hicho. Ndiyo rekodi yake ya ukocha mkuu mpaka leo: kushinda sifuri, kushindwa mara moja.

Kwenye benchi Demarion alikuwa bado amekaa, taulo kichwani.

"Kocha, niambie kweli. Ilikuwa faulo yangu?"

"Haikuwa yako."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilishikwa."

Demarion akatoa taulo, akaangalia kulia na kushoto kwenye viti vitupu. "Na nani?"

Verlin akainama kuokota chupa za maji. Huo nao ni wajibu wa msaidizi.

Kwenye korido wafadhili walikuwa wameshakata shauri. Alipita nyuma yao na kapu la jezi, na kwa kuwa alikuwa amebeba jezi, hakuna aliyemtambua.

"Umemwona? Amesimama kama anasubiri basi."

"Hana uchungu na timu."

"Haverkamp angekuwa amemla yule refa mzimamzima."

"Na tungepigwa faulo nyingine juu yake."

"Ndiyo, lakini tungejua anatupenda."

Hakuna aliyetaja kwamba mwezi wa kwanza walifungwa kwa tofauti ya thelathini na moja chini ya mtu aliyewapenda.

Jumanne Bi. Oglesby alimwita. Hakumzungusha.

"Tumempa Kip."

Verlin akaitikia kwa kichwa.

"Nilikuona," alisema Bi. Oglesby, na kwa mara ya kwanza alionekana kutafuta maneno. "Ijumaa na Jumamosi, nilimwona kocha. Nilisema hivyo kwenye kikao. Wao wanataka mtu mwenye moto."

"Kip aliwahi kupiga teke ubao wa matangazo."

"Ukavunjika," alisema Bi. Oglesby. "Waliuonyesha kwenye kikao. Mara mbili." Akasogeza karatasi mezani. "Ndiyo sababu nataka ubaki. Nimezungumza naye, amekubali. Huyu kijana bila mtu wa kumshika hamalizi mwezi."

Verlin akalifikiria jambo hilo kitaalamu kabla hajalifikiria vinginevyo. "Kip havai koti."

"Tutamwambia avae."

Nje, mtu alikuwa akisukuma theluji ya mwisho wa msimu kwa koleo, krr, krr. Verlin aliitazama ile karatasi. Mji uleule, kiti kilekile, madirisha yaleyale. Janelle asingelazimika kupanda tena kiti kutundika mapazia mahali pengine. Ilikuwa karatasi nzuri. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kuifuata kalamu, na safari hii alikuwa anautazama. Akauweka mfukoni.

"Hapana," alisema.

"Hutaki kwenda kufikiri kwanza?"

"Nikifikiri nitakubali, Bi. Oglesby."

Walishikana mikono, wa kushoto kwa wa kushoto, jambo ambalo lilimshangaza mama yule. Kisha Bi. Oglesby akamwomba funguo, kwa upole, maana gari alilokuwa akiendesha lilikuwa la chuo, pamoja na redio yake na harufu yake ya jezi. Verlin akatembea nyumbani. Maili mbili na nusu, theluji inayoyeyuka ikiingia viatuni, na njiani watu wawili walisimamisha magari kumuuliza kama ni kweli yule Kip ni mkali sana. Akawaambia ni mkali. Walifurahi.

Janelle alimwona dirishani, kupitia pale ambapo mapazia hayakufika. Akafungua mlango kabla hajagonga.

"Gari liko wapi?"

"Limebaki. Ni la chuo."

"Na wewe?"

"Walitaka nibaki. Sikubaki."

Alimvua koti lililolowa, akalikung'uta. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za jirani, "Ile shule ya sekondari ya Bell Ridge, si walikuwa wanatafuta kocha?"

"Wanatafuta tangu Novemba. Wasichana. Wana mpira mzuri, hawana mtu."

"Msaidizi?"

"Mkuu. Msaidizi hawana pesa ya kumlipa."

"Dakika kumi na mbili kutoka hapa," Janelle alisema. Alikuwa ameshapiga hesabu. "Tatizo lao ni nini, mpaka leo hawajapata?"

"Kocha lazima afundishe na somo jingine. Lililobaki ni kuwafundisha watoto kuendesha gari." Akavua kiatu, akamimina maji mlangoni. "Gari lao ni la zamani. Lina breki upande wa abiria, mwalimu anakaa pale, kazi yake ni kuzuia tu."

Janelle aliganda na koti mkononi. Kicheko kilimtoka taratibu, cha kwanza tangu msimu uanze, mpaka akalazimika kuegemea ukuta.

"Wapigie leo," alisema. "Leo hii, kabla hawajapata mtu anayependa kuendesha."